Mtoto kaletwa na ustawi akiwa na bahasha za dawa za akili, unaanzia wapi

Kwanza tuelewane, nikisema mtoto wa kambo hapa simsemi mtoto wa mume wako uliyemkuta, namsema yule anayeletwa na ustawi wa jamii, malezi ya kambo yale yaliyomo kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009, umeomba, wamekuja kukagua nyumba, ukapitishwa, afu siku unapika unapigiwa simu mama njoo kuna mtoto. Mi niko Tabata, nimeshalea watatu kwa njia hiyo na wa pili ndo kanifundisha haya yote, alikuja ana miaka 9, begi la shule lenye zipu mbovu na ndani yake bahasha 3 za dawa.

Zile bahasha ndogo za dirishani mnazijua. Moja imeandikwa kwa peni 1x2, nyingine 1x1 usiku, ya tatu maandishi yamefutika. Jina la dawa hamna, tarehe hamna, aliyeandika hajulikani. Nikamuuliza aliyemleta hizi za nini, akanijibu "za kichwa, zinamtuliza". Basi, ndo makabidhiano hayo. Mtoto kapita makao ya watoto, kapita kwa mama mmoja miezi kadhaa, kaja kwangu, na kote alikopita bahasha zilimfuata ila maelezo yalibaki nyuma.

Mtoto uliyemzaa dawa yake ina mtu wa kuikumbuka, unajua ilianza baada ya homa ile, dokta alisema mpaka lini, ukiona hali imebadilika unarudi kwa yule yule. Mtoto wa kambo kila akihama kumbukumbu inakatika, na anayempokea anaogopa kugusa kwahiyo anaendeleza alichokikuta, miaka inakatika. Kwahiyo kazi yako hapa haihitaji udokta, wewe kuwa yule anayekumbuka.

SIKU YA KWANZA

Usiache dawa. Najua utatamani, unamuona mtoto kapoa kama samaki wa friji unasema haya madude nayatupa. Dawa za kifafa kama fenobabitali ukizikata ghafla unaweza kumuamshia degedege mbaya kuliko aliyokuwa nayo mwanzo, na hizi za akili nazo nyingi zinataka kushushwa taratibu na dokta. Mpe kama ilivyoandikwa kwa siku hizo chache huku unatafuta kujua ni nini. Isipokuwa ukimuona hali mbaya, haamki, kakakamaa, hapo unakwenda hospitali usiku huo huo na bahasha mkononi.

Afu hesabu vidonge, kila bahasha, andika vipo vingapi na tarehe. Piga picha bahasha mbele na nyuma, piga picha kidonge chenyewe juu ya karatasi nyeupe. Kesho yake nenda famasi, na nasema famasi yenye mfamasia kweli, sio kile kiduka cha pembeni ya saluni, ukamuombe akusaidie kuvitambua. Wa kwangu alitambua viwili palepale kwa alama zilizochongwa juu, cha tatu akasema mama hiki sitaki kubahatisha nenda nacho hospitali, nikamheshimu sana kwa hilo.

Vikawa hivi: fenobabitali, haloperidoli, na Artane. Dokta alipoanza kufukua (na alifukua kweli, tulikaa nae karibu saa nzima, foleni nje inanuna) hadithi ikajipanga hivi. Zamani sana mtoto aliwahi kupata degedege, akapewa fenobabitali. Fenobabitali kwa baadhi ya watoto inawafanya wawe na fujo, hawatulii, hasira za karibu. Huko alikokuwa wakaona mtoto mtundu kupita kiasi, akaongezewa haloperidoli ya kumtuliza. Haloperidoli ikamkakamaza misuli, shingo ikawa inavuta upande, akaongezewa Artane ya kulegeza. Artane ikamkausha mdomo na choo kikawa kigumu. Yani dawa ya pili inatibu dawa ya kwanza, ya tatu inatibu ya pili, na ile degedege hakuna anayekumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini.

Ilichukua miezi kupunguza, na haikuwa kama muujiza wa kwenye ushuhuda, kuna wiki alikuwa halali kabisa, kuna wiki alivunja kioo cha kabati. Ila hakuna aliyekuwa mbaya katika hiyo stori, kila mmoja alifanya kitu chenye akili kwa siku ile aliyokuwa nae, tatizo hakuna aliyeziona siku zote kwa pamoja.

DAFTARI

Nunua counter book, ile ya quire 2 inatosha miaka. Ukurasa wa kwanza andika kila dawa, nguvu yake kwa miligramu, anakunywa saa ngapi, nani kaandika, tarehe, kwa ajili ya tatizo gani, na uzito wa mtoto siku hiyo. Uzito ni muhimu kwasababu dozi nyingi za watoto zinaenda na kilo, mtoto aliyeandikiwa akiwa na kilo 20 leo ana 31 hiyo dozi haina maana tena, au kinyume chake kadhoofika na dozi imebaki ile ile.

Miligramu nazo msizichukulie poa. Haloperidoli ipo ya 1.5 na ipo ya 5. Umezoea kumpa kidonge kimoja, mwezi ujao dirishani hamna ile wanakupa nyingine na bahasha wameandika 1x2 kama kawaida, wewe unampa zaidi ya mara tatu ya dozi yake na unashangaa kwanini mate yanamtoka. Kila ukipokea dawa soma nguvu, ukiona kidonge kimebadilika rangi au ukubwa uliza kabla hujaondoka dirishani, hata kama nyuma yako wanasonya.

Kurasa zinazofuata ni za kila siku, mstari mmoja tu inatosha: kalala saa ngapi, kala vipi, shule wamesemaje, kuna kitu cha ajabu. Mi nilikuwa naandika usiku nikisubiri maji ya DAWASA yatoke, mistari kama "kalia bila sababu saa 2", "mikono inatetemeka akishika kijiko". Dokta ana dakika chache, ukimwambia "anaendelea vizuri" anaendeleza dawa, ukimfungulia daftari anaona.

Historia ya nyuma itafute kwa nguvu. Makao alikotoka wana faili, mama aliyekaa nae ana simu, shule ya mwanzo wana mwalimu anayemkumbuka. Omba kupitia afisa ustawi wa manispaa yako ndo utapewa kirahisi, ukienda mwenyewe utaambiwa mhusika katoka. Uliza hasa: degedege ya mwisho lini, amewahi kulazwa, dawa ipi iliwahi kumdhuru, na kwao kuna mtu ana kisukari au moyo.

KWA DOKTA

Dar tuna unafuu, Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili, na Amana, Temeke, Mwananyamala ni hospitali za rufaa za mkoa, anzia ile ya karibu. Bingwa wa akili wa watoto ni wachache sana nchi nzima kwahiyo mara nyingi utaonwa na anayeona wakubwa pia, sio dhambi, ila maswali yako ndo yatamsaidia kukumbuka kwamba aliyekaa mbele ana miaka 9.

Uliza hii dawa inatibu nini, na usikubali "inamtuliza" kama jibu, uliza ugonjwa unaitwaje na andika. Uliza nitajuaje kama inafanya kazi na baada ya mda gani. Uliza ina madhara gani ya kutegemea na yapi ya kukimbia nayo. Uliza vipimo gani vifanyike kabla hajaanza. Na lile ambalo watu wanalisahau: tunaiacha lini? Dawa isiyo na siku ya kuangaliwa upya hiyo itamfuata mtoto mpaka ukubwani.

Uliza pia kuna nini zaidi ya dawa. Mtoto katolewa kwa mama yake, au mama kafariki, kalala kituo cha polisi usiku, kahamishwa mara tatu, halafu tunashangaa anapiga kelele usiku na kukojoa kitandani! Kuna watoto wanahitaji dawa kweli na ukiwanyima unawaonea, ila huzuni na hofu vinafanana sana na "utukutu" ukiviangalia haraka haraka. Ushauri nasaha, ratiba ya kulala isiyobadilika, mtu mzima mmoja asiyemkimbia, hivi vinatakiwa viwemo kwenye mpango na viandikwe kwenye daftari kama dawa inavyoandikwa.

Kuhusu nani anaruhusu dawa mpya, soma barua yako ya kukabidhiwa mtoto, na kabla dozi ya kwanza mjulishe afisa ustawi kwa maandishi, hata meseji ya WhatsApp yenye jina la dawa, sababu na jina la hospitali. Piga skrinshoti. Afisa wetu mwanzoni alikuwa ananijibu tu "sawa dada", baadae akaanza kuuliza maswali mwenyewe, na siku ya mapitio alikuja na orodha yake kaichapa, nikafurahi.

Wenzetu Marekani hili liliwaumbua hadharani. Mwaka 2011 GAO, ile ofisi inayokagua serikali kwa niaba ya bunge lao, ilitoa ripoti ya majimbo matano, Florida, Massachusetts, Michigan, Oregon na Texas, ikakuta mwaka 2008 watoto wa kambo walikuwa wanaandikiwa dawa za akili mara 2.7 mpaka 4.5 ya watoto wengine walioko kwenye bima ile ile ya serikali. Wapo waliokuwa wanakunywa dawa tano au zaidi kwa mpigo. Kule California mambo yamefika hadi mahakamani, kwa kawaida dawa hizo mtoto wa kambo haanzi mpaka jaji wa watoto aidhinishe, dokta anajaza fomu anaeleza sababu. Texas nao tangu 2005 wana mwongozo wa vitu ambavyo vikionekana faili linapitiwa upya. Sisi hatuna jaji wa kusoma dozi, kwahiyo mi nimeazima wazo lao nikaandika orodha yangu ya vitu vya kushtukia nikaibandika nyuma ya mlango wa kabati: mtoto mdogo sana wa chini ya miaka mitano kupewa dawa ya akili, dawa mbili za kundi moja kwa pamoja mfano haloperidoli na Largactil, dawa nne au zaidi, dozi inayopanda kila kliniki na hali haibadiliki, au dawa isiyo na jina la ugonjwa. Ukiona kimojawapo haimaanishi dokta kakosea, inamaanisha una haki ya kuomba aelezee au mtoto aangaliwe na dokta mwingine. Sema kwa adabu tu, "dokta naomba nielewe", wengi wanaelewesha.

KUPIMA

Risperidoni, dawa nyingine ya akili, na ndugu zake zinanenepesha, watoto ndo zaidi ya wakubwa, na majirani watakusifia kwamba umemlea vizuri kanawiri kumbe ni dawa. Pima uzito kabla ya kuanza, kila mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo, afu kila baada ya miezi mitatu. Kiuno mi natumia futi ya fundi cherehani wa hapa kwetu. Presha, sukari asubuhi kabla hajala, na mafuta ya kwenye damu, hivi vifanyike kabla na tena kama miezi mitatu baadae. Risperidoni pia inaweza kuchezea homoni, kifua kikaanza kujaa hata kwa mvulana au kutoa maziwa, na mtoto wa kiume wa miaka 12 atakufa na aibu yake kabla hajakwambia, kwahiyo muulize wewe.

Pesa ya vipimo ikikushinda usirudi nyumbani kimya, hospitali hizi za rufaa zina ofisi ya ustawi wa jamii ndani, nenda na barua ya kukabidhiwa mtoto uombe msamaha wa malipo. Utazungushwa kidogo. Nenda asubuhi.

Mara moja kwa mwezi mkalishe kitini mbele yako, miguu ikae chini, mwambie atoe ulimi autulize, afu anyooshe mikono. Angalia kama ulimi unacheza, midomo inatafuna hewa, vidole vinatembea vyenyewe. Ukiona, andika na umwambie dokta mapema maana kuna miondoko ambayo ikikaa sana haiondoki hata dawa ikiachwa. Na kuna hii inachanganya wengi: haloperidoli yenyewe inaweza kumfanya mtoto asitulie, anatembea tembea, hawezi kukaa, anasema miguu inawasha kwa ndani. Mwalimu ataandika "utundu umezidi" na mtu ataongeza dozi. Kama kutotulia kumeanza baada ya dawa kuanza au kupandishwa, sema hivyo hivyo kwa dokta, toa tarehe.

YA KUKIMBIA NAYO

Shingo kupinda na macho kupanda juu hayashuki, kwetu watu wataanza kukemea pepo, ombeni ila mkiwa kwenye bajaji ya kwenda hospitali, ni sindano tu inamaliza. Homa kali pamoja na mwili kuwa mgumu kama ubao, jasho, kuchanganyikiwa, hiyo inaua, usiseme malaria ukasubiri. Vipele na vidonda mdomoni au machoni kwa mtoto aliyeanza Tegretol, dawa ya kifafa, usimpe kidonge kingine, nenda saa hiyo. Manjano machoni au kutapika sana kwa anayekunywa valproeti, nayo ni ya kifafa. Na kwa anayetumia dawa za sonona kama floksetini, wiki za mwanzo na kila dozi ikibadilika msikilize sana, Marekani tangu 2004 dawa hizi zina onyo kwenye boksi kwamba zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa watoto. Akisema "bora nife" usimchape wala usimhubirie, kaa nae, mpigie dokta.

Kama una binti anayekaribia kuvunja ungo au ameshavunja na anakunywa valproeti, ongea na dokta sasa, ile dawa ina madhara makubwa kwa mimba. Najua hakuna anayetaka kuliongelea. Liongeleeni.

NYUMBANI

Dawa zikae kwenye sanduku lenye kufuli, juu, mbali na jiko, hizi joto la Dar linaziharibu. Amitriptilini ambayo wengine wanapewa kwa kukojoa kitandani, vidonge vichache tu mtoto mdogo akivimeza vinasimamisha moyo, usiache kwenye meza ya TV. Mtu mmoja ndo anatoa dawa, kama ni dada wa kazi basi mfundishe na yeye asaini kwenye daftari, na mtoto ameze mbele yake.

Piriton sio dawa ya usingizi wa mtoto wa watu. Nasema hili kwasababu nimeliona, mlezi amechoka, mtoto halali, anampa Piriton kila usiku na hamwambii mtu, dokta anashangaa mbona mtoto asubuhi kazubaa anabadilisha dawa nyingine. Na mitishamba pia, kama umempa mwambie dokta, atakuangalia vibaya dakika moja afu mtaendelea.

Usisubiri ziishe. Zikibaki za siku kumi nenda, maana utakuta hazipo dirishani uzunguke Kariakoo kutafuta, au ni Idi na kliniki imefungwa. Shuleni mwambie mwalimu mmoja tu anayehitaji kujua, watoto wakisikia fulani anakunywa dawa za akili ataitwa Mirembe, ile hospitali ya akili ya Dodoma, mpaka anamaliza la saba.

Na mtoto mwenyewe mwambie anakunywa nini na kwanini, kwa lugha yake. Wangu nilimuuliza mwezi wa pili dawa inakufanyaje, akasema "mama mi nikinywa ile nyeupe nahisi kama naangalia TV ya jirani dirishani". Hilo nililipeleka kwa dokta neno kwa neno na ndo siku aliyoanza kushusha.

Ukikutana na mahali watoto wote wanapewa kidonge usiku ili walale, au mtoto anachomwa sindano akikosea kama adhabu, usigombane nao mwenyewe, mpe taarifa afisa ustawi wa manispaa au piga 116, ni simu ya huduma kwa mtoto, bure.

AKIONDOKA

Ustawi wakipata ndugu, mtoto anaondoka, wakati mwingine wanakupa siku mbili tu. Usimpe bahasha. Mpe dawa za wiki mbili kwenye pakti zake zenye majina, nakala ya cheti cha mwisho, tarehe ya kliniki inayofuata, jina la hospitali huko aendako (muombe dokta aandike barua ya rufaa, usitegemee simu), na daftari lenyewe, wewe baki na picha za kurasa. Wa kwangu alienda kwa shangazi yake Morogoro akiwa amebaki na dawa moja. Tulikaa na shangazi uwanjani tukapitia daftari ukurasa kwa ukurasa, chai ikapoa, akaniuliza hapa umeandika "kioo" maana yake nini, nikamuelezea wiki ile ya kabati, mtoto akadakia "shangazi nilikuwa nashushwa dozi". Wiki iliyofuata shangazi kanipigia, kliniki kule wamembadilishia kidonge rangi, anasoma miligramu kwa sauti, anataka kujua kama ni sawa.